Jina la Woakes na pengo lake: olraunda anayestaafu apimwe vipi?

Swali: Tunacheza kriketi ya klabu hapa Dar, upande wa Upanga. Tangu Chris Woakes wa Uingereza astaafu, ubishi hauishi. Mmoja wetu ana hesabu yake: wastani wa kupiga 25, wastani wa kurusha 29, ukitoa unapata hasi, kwa hiyo hakuwa olraunda (mchezaji anayepiga na pia kurusha) wa maana. Mwingine anashikilia kwamba Uingereza imepoteza watu wawili kwa mpigo. Nani yuko sahihi? Tunauliza pia kwa faida yetu, maana olraunda wetu anaacha kucheza mwisho wa msimu. Tumtafutie mpigaji au mrushaji?

Jibu: Ndugu zangu, mnabishana maswali mawili mkidhani ni moja. La kwanza ni la jina: Woakes awekwe wapi kati ya maolraunda waliopita? La pili ni la pengo: akitoka kwenye kikosi cha watu 11, timu inapungukiwa nini, na kwa kiasi gani? Mchezaji anaweza kuwa na jina la wastani na pengo kubwa. Woakes ni mmoja wao, na huenda olraunda wenu naye yumo humo humo.

Tuanze na takwimu ili tusibishane hewani. Woakes alitangaza kuachana na timu ya taifa Septemba 2025 akiwa na miaka 36. Alicheza Testi 62, yaani mechi ndefu za kimataifa za hadi siku tano. Alipiga mikimbio 2,034 kwa wastani wa 25.11 na kuchukua wiketi 192 (yaani wapigaji aliowatoa) kwa wastani wa 29.61. Katika mechi za siku moja za mizunguko 50 (mzunguko ni mipira sita) alicheza 122 na kuchukua wiketi 173. Wastani wa kupiga ni mikimbio kugawanya kwa mara alizotolewa, yaani 2,034 kwa 81. Wastani wa kurusha ni mikimbio aliyoruhusu kugawanya kwa wiketi alizochukua. Wa kwanza unautaka mkubwa, wa pili unautaka mdogo. Rafiki yenu akatoa 29.61 kwenye 25.11, akapata hasi 4.5. Hesabu yake haina kosa. Kosa liko kwenye hukumu aliyoijenga juu yake.

Ipitishe hesabu hiyo hiyo kwa wengine uone inavyoyumba. Garfield Sobers wa West Indies, 57.78 kwa 34.03, anapata chanya 23.75. Jacques Kallis wa Afrika Kusini, 55.37 kwa 32.65, anapata 22.72. Mpaka hapo sawa, wote wawili ni miamba. Sasa mchukue Richard Hadlee wa New Zealand, 27.16 kwa 22.29: anapata 4.87 tu. Ian Botham wa Uingereza, 33.54 kwa 28.40, anapata 5.14. Ukiifuata hesabu hii, Hadlee na Botham ni karibu mtu mmoja, na Hadlee ni kama moja ya tano ya Kallis. Lakini Hadlee alichukua wiketi 431 katika Testi 86, tano kwa kila mechi, wakati Kallis alichukua 292 katika Testi 166, chini ya mbili kwa mechi. Hao hawakuwa wakifanya kazi moja. Hadlee alikuwa ndiye silaha ya timu yake, na kupiga kulikuwa nyongeza. Kallis alikuwa mpigaji wa daraja la juu kabisa, na mizunguko yake ilikuwa ya kuwapumzisha wengine na kuvunja ushirikiano uliokaa sana.

Kuna pia Andrew Flintoff wa Uingereza, 31.77 kwa 32.78, naye ni hasi. Lakini kwenye Ashes ya 2005 (mfululizo wa Testi kati ya Uingereza na Australia) alipiga mikimbio 402 na kuchukua wiketi 24 katika Testi tano, na Uingereza ikalichukua kombe kutoka kwa Australia kwa mara ya kwanza tangu 1987. Mtu anayesema Flintoff hakuwa na maana kwa sababu ya hasi moja hajaielewa kriketi, hata kama anajua kutoa.

Hesabu ya kutoa haijui mtu alibeba mzigo kiasi gani, na haijui alipiga akiwa wa ngapi. Woakes alikuwa akiingia wa saba au wa nane. Mpigaji wa nane mara nyingi anakuta mpira mpya wa pili uko karibu, wenzake waliobaki ni warushaji, na kazi aliyopewa ni ama kupiga haraka ama kumlinda mpigaji halisi aliyebaki upande wa pili. Wastani wa 25 katika nafasi hiyo haulingani na 25 ya mtu wa nne. Wa nne akiwa na 25 anaachwa. Wa nane akiwa na 25 ni neema. Kwenye uwanja wa Lord's, London, alipiga 137 bila kutolewa dhidi ya India mwaka 2018, na huko huko mwaka 2016 alikuwa amechukua wiketi 11 katika mechi moja dhidi ya Pakistan. Ndiyo maana jina lake limo kwenye mbao zote tatu za heshima za uwanja ule: ya waliofikisha mia, ya waliochukua wiketi tano katika zamu moja, na ya waliochukua 10 katika mechi. Waliofika hapo wanahesabika kwa vidole.

Hesabu hiyo haijui pia mechi ilichezwa wapi, na hapa ndipo hoja ya rafiki yenu ingekuwa na nguvu kama angeifikia. Wiketi za Woakes akiwa nyumbani zina wastani wa chini ya 25. Ugenini wastani wake unavuka 40. Tofauti hiyo haitokani na moyo wala bahati, inatokana na mpira wenyewe. Testi za Uingereza hutumia mpira wa Dukes, ambao mshono wake unashonwa kwa mkono, umesimama, na hukaa hivyo kwa muda mrefu. Mng'aro wake nao haufifii mapema, kwa hiyo upande mmoja ukisuguliwa vizuri, mpira unaendelea kupinda hewani hata baada ya mizunguko 40. Australia na New Zealand wanatumia Kookaburra, ambao sehemu ya mishono yake ni ya mashine. Mshono unalala mapema, na baada ya mizunguko 20 hivi mrushaji wa kasi ya kati anabaki na kitu laini kisichopinda wala kukata kikigusa pichi. Woakes alikuwa wa kilomita 130 hadi 135 kwa saa. Mrushaji wa kasi hiyo anaishi kwa kupinda na kukata. Mwenye kilomita 145 mpira ukikataa kupinda bado ana kasi ya kumtishia mpigaji. Woakes hakuwa nayo.

Kwa hiyo hukumu yangu kuhusu jina ni hii. Katika Testi, Woakes si wa kundi la Sobers, Imran Khan, Kallis, Botham wala Hadlee, na anayempenda hana haja ya kumpandisha huko. Imran alichukua wiketi 362 kwa wastani wa 22.81, zikiwamo za kwenye pichi kavu za Pakistan, huku akipiga kwa wastani wa 37.69, hilo ni daraja jingine kabisa. Lakini ndani ya Uingereza, akiwa na Dukes mkononi, Woakes alikuwa miongoni mwa warushaji bora wa kizazi chake. Na kwenye mechi za siku moja jina lake ni kubwa kuliko watu wanavyokumbuka. Nusu fainali ya Kombe la Dunia 2019 pale Edgbaston aliirushia Australia mizunguko 8, akachukua wiketi 3 kwa mikimbio 20, akawa mchezaji bora wa mechi. Siku tatu baadaye, fainali ya Lord's, alichukua nyingine tatu.

Hayo yanatosha kwa jina. Tuje kwenye pengo, maana ndilo swali lenye kazi.

Pengo hulipimi kwa kumlinganisha aliyeondoka na Sobers. Unamlinganisha na mtu atakayechukua nafasi yake kesho asubuhi. Tufanye kwa Woakes. Alitolewa mara 81 katika Testi 62, yaani mara 1.3 kwa mechi. Tuseme mrithi wake ni mrushaji anayepiga kwa wastani wa 12, kama walivyo wengi wa mkiani, yaani wanaopiga mwisho. Tofauti ni mikimbio 13 kila anapotolewa; zidisha kwa 1.3, unapata 17 kwa mechi. Upande wa kurusha, wiketi 192 kwa Testi 62 ni 3.1 kwa mechi. Tuseme mrithi anachukua idadi hiyo hiyo lakini kwa wastani wa 34. Tofauti ni 4.4 kwa kila wiketi. Zidisha kwa 3.1, unapata karibu 14. Jumla mikimbio 31 kwa mechi. Hizo 12 na 34 nimezikadiria kama kiwango cha mrithi wa kawaida. Mkiwa na mrithi bora, badilisheni, njia ni ile ile.

Je, mikimbio 31 ni mingi? Tarehe 4 Agosti 2025 kwenye uwanja wa Oval, London, Uingereza ilikuwa ikifukuzia 374 dhidi ya India, ikaishia 367. Imefungwa kwa mikimbio 6. Nahodha Ben Stokes, olraunda mwenzake, hakucheza mechi hiyo kwa sababu ya jeraha. Woakes naye aliteguka bega la kushoto siku ya kwanza akizuia mpira mpakani. Kuanzia hapo Uingereza ikabaki na warushaji watatu wa kasi na watu wa kusaidia tu, na India ikapiga 396 katika zamu yake ya pili. Dakika za mwisho Woakes alishuka uwanjani akiwa wa 11, mkono umefungwa ndani ya sweta, ili mwenzake apate wa kukimbia naye. Hakukabiliwa na mpira hata mmoja, na hiyo ndiyo ikawa Testi yake ya mwisho. Watu wanaikumbuka kwa ujasiri wake, na wana haki, ujasiri ule unastahili heshima yote. Mimi nataka mwone na hesabu yake: olraunda mmoja hayupo, mwingine kaumia, timu ikalazimika kuwachosha watatu waliobaki, na mechi ikaamuliwa na mikimbio 6.

Mfano mwingine wa pengo, ila kwa upande wa kulijaza, ni Ashes ya 2023. Uingereza ilipoteza Testi mbili za kwanza bila Woakes. Akaingia ya tatu, uwanja wa Headingley, akachukua wiketi 6 katika mechi, kisha akapiga 32 bila kutolewa na kumaliza kibarua cha kufukuzia 251. Kwenye Testi tatu alizocheza alichukua wiketi 19 kwa wastani wa 18.14, Uingereza ikashinda mbili, moja ikaharibiwa na mvua, mfululizo ukaisha 2–2. Si yeye peke yake. Mrushaji wa kasi Mark Wood aliingia mechi ile ile ya Headingley na kasi yake ilibadilisha mengi. Lakini Wood akiingia peke yake, mkia wa timu ungekuwa mrefu. Woakes ndiye aliyewezesha kumchukua mrushaji wa kasi asiyejua kupiga sana bila kuogopa.

Hilo la mwisho haliingii kwenye takwimu zake wala za mtu yeyote. Kallis alipostaafu Testi Desemba 2013, baada ya kupiga 115 pale Durban katika mechi yake ya mwisho, Afrika Kusini haikupoteza mpigaji tu. Ilipoteza uhuru wa kuweka wapigaji saba kamili na bado kuwa na mrushaji wa tano. Baada yake kila kikosi kikawa na swali: tupunguze mpigaji au tupunguze mrushaji? Rafiki yenu anayesema watu wawili wameondoka anamaanisha hili, ingawa amelikuza kidogo. Kwa Kallis yuko sahihi kabisa. Kwa Woakes ni mtu mmoja na nusu.

Hata hapa Afrika Mashariki tunao mfano wetu. Thomas Odoyo wa Kenya alikuwa mtu wa aina ya Woakes: anafungua kurusha kwa mpira mpya, kisha anashuka kupiga chini kwa nguvu. Alikuwa mrushaji wa kwanza kutoka nchi isiyocheza Testi kufikisha wiketi 100 katika mechi za siku moja, na alikuwamo kwenye kikosi kilichofika nusu fainali ya Kombe la Dunia 2003. Timu ndogo inamhitaji mtu kama huyu kuliko timu kubwa, kwa sababu haina wataalamu 11 wa kuchagua.

Sasa turudi Upanga. Kwanza chukueni daftari la mechi za msimu mzima, si za mwezi mmoja. Mvua za masika hukata mechi nyingi, na ukihesabu mechi nne au tano utakuwa umehesabu bahati. Kwa olraunda wenu andikeni mikimbio, mipira aliyokabiliana nayo, mara alizotolewa, mizunguko aliyorusha, mikimbio aliyoruhusu, wiketi, na jambo ambalo klabu nyingi husahau: alirusha mizunguko ya ngapi. Anayerusha ndani ya sita ya kwanza na minne ya mwisho katika T20 (mechi za mizunguko 20 kwa kila timu) ataonekana ghali kuliko anayerusha ya 8 hadi 14, wakati wapigaji wanachukua mmoja mmoja. Mkimbadilisha na wa katikati mwenye namba nzuri mkampa mzunguko wa 18, mtashangaa namba zake zinakwenda wapi.

Tuchukue mfano wa kubuni wa mechi 12. Olraunda wenu anapiga wa tano: mikimbio 264, mipira 198, ametolewa mara 11. Wastani 24, kasi 133 kwa mipira 100. Kurusha: mizunguko 46, mikimbio 322, yaani 7 kwa mzunguko.

Mkimleta mpigaji halisi mwenye wastani wa 31 lakini kasi ya 125, wengi wenu mtaona mmeongeza mikimbio 7. Hamjaongeza. Mtu wa tano hapo anakabiliana na mipira 16 au 17 kwa mechi. Kwa kasi ya 125 mipira 16.5 inampa mikimbio 20 na ushei. Yule wa zamani alikuwa akipata 22. Wastani mkubwa unalipa pale tu mtu ana muda wa kukaa, kwa hiyo mpigaji huyo apandishwe awe wa tatu, la sivyo mmenunua kitu msichokitumia. Na wakati huo huo mizunguko minne iliyobaki wazi inakwenda kwa mrushaji wenu wa sita. Kama yeye anaruhusu 8.75 kwa mzunguko, mmepoteza mikimbio 7 kila mechi kabla hamjaanza kupiga. T20 hairuhusu mtu kurusha zaidi ya mizunguko minne, hivyo watano ni lazima, na nahodha mwenye busara anataka wa sita kwa siku ambayo mmoja anapigwa.

Mkimleta mrushaji wa 6.5 kwa mzunguko asiyejua kupiga, mnapata mikimbio 2 kwenye kurusha. Kwenye kupiga msifanye kosa la kumweka wa tano kichwani mwenu. Wa sita, wa saba na wa nane wote wanapanda ngazi moja, na udhaifu wa mgeni unaangukia chini kabisa. Hesabuni basi: msimu huu wa nane wenu ameingia kupiga mara ngapi, na mizunguko mingapi ilikuwa imebaki? Kama ameingia mara tatu au nne katika mechi 12, tena mizunguko miwili ya mwisho, hasara ni ndogo mno. Leteni mrushaji. Kama ameingia mara nane na mizunguko mitano bado ipo, ugonjwa wenu uko juu kwa wapigaji wa mwanzo, na hapo mpigaji wa tatu ndiye dawa.

Bila kuliona daftari lenu, kwa T20 ninaelemea kwa mrushaji. Kwa mechi za mizunguko 50 ninasita zaidi, kwa sababu wa saba na wa nane huingia mara nyingi na hupata mipira ya kutosha kuharibu au kuokoa.

Kosa ninalowaomba mlikwepe ni kutafuta mtu wa nusu nusu kwa sababu tu anayeondoka aliitwa olraunda. Anayepiga kwa wastani wa 14 na kurusha kwa mikimbio 9 kwa mzunguko si olraunda, ni nafasi mbili zilizopotea ndani ya jezi moja. Kipimo changu ni chepesi: mwulize nahodha, kama huyu angekatazwa kurusha, angepata namba kwa kupiga tu? Na kama angekatazwa kupiga, angepata kwa kurusha tu? Olraunda wa kweli ana ndiyo angalau moja, na nyingine inakaribia. Woakes alikuwa na ndiyo kwenye kurusha akiwa nyumbani, na kwenye kupiga alikuwa karibu.

Msisahau kudaka. Kama mzee wenu ndiye anayesimama slipu wa kwanza (kando ya mdakaji wa nyuma ya wiketi) au mpakani upande wa mguu mizunguko ya mwisho, andikeni nafasi zilizomfikia na alizodaka. Kila nafasi inayoanguka kwa mpigaji aliyekwisha kukaa ni mikimbio mingine 15 au 20, na hakuna safu ya kuonyesha hivyo kwenye daftari la kawaida.

Na kwa kuwa bado mnaye, tumieni mechi sita zilizobaki. Mshusheni apige wa saba, kijana aonje nafasi ya tano. Mpira mpya auachie mwingine, yeye asimame katikati, hatua chache kutoka kwa mrushaji, amwelekeze baada ya kila mpira. Mzunguko wa 18 mpeni huyo atakayekuwa akiurusha mwakani, hata kama atapigwa sita mbili (mipira miwili ya mikimbio sita). Apigwe sasa, wakati mzee yupo pale karibu kumwambia amkaribishe mdakaji upande gani kabla ya mpira unaofuata.